*TAMKO LA TAWI LA KAENGESA: ASKARI ANAYEKWENDA KUTIBIWA ASIPOTEZE KAZI*

Ndugu wanachama, viongozi wa mashina na wote mnaopokea ujumbe wa Tawi,



Kamati ya Tawi imekaa na kukubaliana kuwaletea jambo ambalo wengi mtashangaa kulisikia kutoka kwetu. Tunamzungumzia askari polisi. Ndiyo, yule yule anayesimamisha bodaboda zenu barabarani, yule yule anayelalamikiwa kila tunapofanya mkutano. Tunasema hivi: askari anayejitokeza mwenyewe kutafuta matibabu ya afya ya akili alindwe kwa sheria. Asifukuzwe, asishushwe cheo, asihamishwe kama adhabu. Someni hadi mwisho ndipo mjibu.

*1. KAZI ANAYOIFANYA*

Mtu akikatwa panga kwa ugomvi wa shamba, nani anakwenda kuchukua mwili? Bibi kizee akiuawa kwa kusingiziwa uchawi, nani anafika wa kwanza? Mwaka 2013 mkoa wetu wa Rukwa uliona watu wenye ualbino wakikatwa mikono, mtoto mdogo akiwamo. Sisi tulisikia habari ile tukakosa usingizi. Kuna askari walioikuta damu yenyewe. Lori likipinduka njia ya Tunduma, wao ndio wanaokusanya viungo vya watu.

Askari huyo anarudi nyumbani, analala au halali, na asubuhi anakabidhiwa bunduki na kuambiwa akalinde raia. Akianza kushtuka usiku, kunywa pombe kupita kiasi, kumpiga mkewe au kukaa kimya siku nzima, wenzake wanasema "amechanganyikiwa." Wengine wanasema amerogwa. Tunaishi karibu na mji ambao jina lake, Sumbawanga, wazee hulifasiri kuwa "tupa uchawi," lakini mpaka leo ugonjwa wa akili tunaupeleka kwa mganga kabla ya kuupeleka kwa daktari.

*2. SHERIA INAMWACHA WAPI*

Mwalimu wetu wa shule ya msingi akionewa kazini ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ana chama chake cha wafanyakazi. Askari hana. Kifungu cha 2 cha sheria hiyo kinasema haiwahusu wanajeshi, polisi, magereza na JKT. Kilichobakizwa kwa ajili yao ni vifungu vichache, kikiwamo cha 7 kinachokataza ubaguzi. Kifungu hicho kinataja ulemavu na kinataja VVU na UKIMWI. Ugonjwa wa akili hakiutaji kwa jina.

Mwanasheria atasema neno "ulemavu" linatosha. Halitoshi. Askari aliyekosa usingizi miezi mitatu baada ya kuopoa maiti za watoto si mlemavu na hataki kuitwa hivyo. Anataka dawa, mtu wa kuzungumza naye, na uhakika kwamba akipona atakuta nafasi yake.

Tena kuna jambo zito zaidi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake askari akimwambia daktari "nilijaribu kujiua," amekiri kosa ambalo yeye mwenyewe ameajiriwa kuwakamatia wengine. Nani atafungua mdomo? Kenya wameliona hili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Sisi tunangoja nini?

*3. UKIMYA UNAUA*

Desemba 2021, Kabete jijini Nairobi, konstebo mmoja wa polisi alimuua mkewe, akatoka na bunduki ya serikali akawaua raia wengine, kisha akajiua. Waliokufa hawakuwa na kosa. Hatudai kujua moyoni mwake mlikuwa na nini, ila tunajua kwamba bunduki mikononi mwa mtu aliyeelemewa ni hatari ya mtaa mzima. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi ya mwenye silaha yanaumbua na majirani.

*4. KWA MNAOPINGA*

Mmoja wetu alisema kwenye kikao: "Hawa wametupiga, leo tuwatetee?" Tunaheshimu hasira hiyo. Jibu letu ni kwamba hatumwombei kinga askari aliyetesa mtuhumiwa, aliyeua au aliyekula rushwa. Huyo ashitakiwe, na cheti cha daktari kisimwokoe. Tunamtetea yule ambaye hajafanya kosa na anaomba msaada kabla hajalifanya. Ukimfukuza huyo, umewafundisha wenzake wote wafiche. Na wakificha, wewe ndiye utakayekutana nao usiku kwenye kizuizi cha barabarani.

Wengine wanasema aliyeugua akili asiguse bunduki tena. Tunakubali awekwe kando na silaha mpaka daktari aseme yuko sawa. Lakini kuwekwa kando kwa matibabu kusiwe adhabu. Dereva wa basi akivunjika mkono hapewi usukani, wala hafukuzwi. Akipona anarudi.

Mkumbuke pia UKIMWI. Zamani mtu alificha majibu akafa nayo kwa kuogopa kazi na majirani. Sheria ya mwaka 2008 ilipokataza ubaguzi, na dawa zikapatikana, watu walipata sababu ya kujitokeza kupima. Kwa afya ya akili nchi ilitunga sheria mwaka huo huo wa 2008, lakini hofu ya kupoteza kazi bado ipo pale pale.

*5. TUNACHODAI*

✅ Sheria ya Jeshi la Polisi itamke wazi kwamba kuomba matibabu ya akili kwa hiari si sababu ya kufukuza, kushusha cheo wala kunyima kupanda.
✅ Faili la daktari libaki kwa daktari. Mkuu wa kituo aambiwe jambo moja tu: anafaa kushika silaha au bado.
✅ Askari wa Rukwa atibiwe hapa hapa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na daktari wa kiraia. Asilazimike kupita Tunduma, Mbeya na Iringa mpaka Mirembe, Dodoma, ili aonwe.
✅ Baada ya kila tukio la vifo, askari wote waliokuwapo wazungumze na mshauri nasaha. Iwe zamu ya kazi kwa wote, ili asionekane mmoja kuwa dhaifu.
✅ Kifungu cha 217 kifutwe.

*6. KWA NINI SISI*

Katiba, Ibara ya 147, inamkataza askari kujiunga na chama cha siasa. Chama cha wafanyakazi hana. Akilalamika hadharani ameasi nidhamu. Basi asiposemewa na raia, hasemewi na mtu. Hatutafuti kura yake wala hatutaki atupendelee. Tunataka anayelinda Kaengesa awe na akili timamu.

Kila shina lijadili tamko hili kabla ya mkutano mkuu wa Tawi na kuleta maoni kwa maandishi. Baada ya hapo tutalipeleka kwa diwani na kwa mbunge wetu, na tutawauliza mbele ya watu wamelifanyia nini.

Na kama jirani yako ni askari, au mke wa askari, ukaona mambo hayaendi, usimcheke wala usimtangaze. Msindikize kituo cha afya.

_Imetolewa na Kamati ya Utendaji ya Tawi, Kaengesa._
_Wasambazie wanachama wasio na simu kwa kuwasomea._