SHA Ikigoma, Anayekula Matusi ni Karani wa Mapokezi

Tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, tumeskia madaktari wakilia, hospitali za kibinafsi zikilia, wanasiasa wakirushiana maneno. Lakini kuna mbogi hakuna mtu huiuliza kitu: makarani wa mapokezi. Wengi ni vijana wa cheti ama diploma, wako kwa kandarasi fupi. Kwa macho ya mgonjwa, hao ndio SHA. Waziri humpati. Huyo dem nyuma ya kioo unampata.

Na ukicheki poa, drama nyingi hapo mbele inatokana na kitu moja: watu wanadhani kujisajili ni kulipa. Zii. Ukijisajili tu, umejipangia dispensari na kituo cha afya, yaani level 2 na 3. Kupanda level 4 kwenda juu, lazima uwe umelipa.

Msee wa payslip hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Hasla anapimwa mapato, halafu anaitishwa doo ya mwaka mzima kwa mpigo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, so hiyo ni 3,600 mara moja. Enzi za NHIF alikuwa anatuma 500 mwezi kwa mwezi na maisha inasonga.

Sasa mama mboga anafika usiku na mtoto anachemka. Amejisajili, anajua yuko sawa. Karani anamwambia, "Mathe, inaonyesha hujalipa." Hapo lazima kuwake. Na karani hakutunga hiyo sheria. Hata akimhurumia vipi, kompyuta haimruhusu.

Lakini matusi ni kitu kidogo. Noma yenyewe iko kwa pasiwedi. Mwaka wa 2025, Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha hospitali kadhaa kwa madai ya kulipisha SHA wagonjwa hewa, na watu waliotibiwa wakaenda home kuandikwa eti walilazwa. Manze, hizo fomu hazijijazi. Kuna mtu alibonyeza, na jina linalobaki kwa sistimu mara nyingi si la mwenye hospitali.

Bosi akikushow, "andika alilala siku tatu," na kandarasi yako inaisha mwezi ujao, utasema nini? Wachache wako na ubavu wa kukataa. Ndio maana kufukuzana na hospitali pekee haitoshi. Karani anahitaji kandarasi ya maana na mahali pa kuripoti bila kupigwa kalamu.

Kama wewe ndio uko kwa hiyo job, usipeane pasiwedi yako, hata kwa bosi. Ikichomeka, jina ni lako.

Na kama ni mgonjwa, piga *147# ujue umesimama wapi kabla uugue. Huyo karani analipwa kidogo sana kubeba hasira ya nchi nzima.