MAMBO YA NYUMBANI: Kabla ya Kuta Kufungwa

Wengi wenu mmetuuliza habari za zile taa ziitwazo taa zenye akili, ambazo mtu huziwasha na kuzizima kwa simu yake, au hujiwasha zenyewe giza linapoingia. Mwauliza kama yafaa kuzitia katika nyumba inayotengenezwa upya. Tulitaka kuwajibu kwa maneno machache. Walakini jambo lenyewe limeingia nyumbani mwetu na kutuletea ubishi, na sasa tuna mengi ya kusema.

Nyumba ya marehemu baba yetu iko Kamalondo, katika mji wa Lubumbashi. Ni nyumba ya matofali ya kuchoma, yenye mabati juu, vyumba vinne, na korido ndefu itokayo mlangoni pa chumba cha mama hadi nyuma, penye choo. Waya za umeme zilipita juu ya ukuta, zimeshikwa kwa misumari midogo, na nyingine zilikuwa zimeungwa kwa utepe mweusi uliokwisha kukauka. Mama yetu sasa ni mzee na macho yake yamefifia. Msimu wa mvua uliopita aliamka usiku, akatembea katika korido hiyo akipapasa ukuta kutafuta swichi, akajikwaa, akaanguka na kuvunjika mkono. Ndipo sisi watoto wake tulipochanga fedha tukasema: nyumba itengenezwe. Lipu ya zamani imebomolewa, mifereji ya waya imechimbwa, na wakati tunapoandika maneno haya kuta zote zi wazi. Mpiga lipu atakuja Jumatatu.

Mdogo wetu, kijana aliyesoma mambo ya kompyuta, alikuja na mfuko. Ndani yake mlikuwa na ampuli kumi na mbili, kila moja ina redio ndogo tumboni mwake, ili isikie amri ya simu. Akatuambia: «Yaya, msipoteze fedha kwa kuchimba kuta zaidi. Swichi ni mambo ya zamani. Ampuli hizi twazitia mahali pa zile za kale, na mama tutampa simu.»

Mama alikuwa amekaa kando akichambua maharagwe. Akamjibu bila kuinua kichwa: «Baba, na hiyo simu nitaitafuta kwa taa gani?»

Tulicheka, lakini mdogo wetu hakushindwa kwa neno moja. Basi tukakubaliana kuzijaribu juma zima katika vyumba viwili ambavyo fundi alikuwa hajavigusa. Usiku wa kwanza umeme ulikatika saa mbili, kama tulivyozoea. Ukarudi saa tisa ya usiku. Kumbe ampuli za namna hiyo, zikipata umeme baada ya kuukosa, nyingi huwaka zote kwa nguvu zao zote, hata kama mlikuwa mmezizima kabla ya kulala! Nyumba nzima iling'aa kama mchana. Watoto walilia, na mama akainuka akidhani kumekucha. Wenye kuziunda hawakukosea: walitaka mtu mwenye swichi ya kawaida tu aweze kuiwasha ampuli kwa kumpa na kumnyima umeme. Na nyingi zaweza kuagizwa katika simu zibaki zimezimika umeme urudipo. Twawashauri walio nazo wafanye hivyo leo. Lakini ni nani aliyetuambia dukani? Hakuna.

Siku ya tatu mjukuu mdogo alizima swichi ya ukutani, kama alivyofundishwa tangu utoto. Mdogo wetu akaagiza taa kwa simu mara tano, na taa haikujibu. Bila shaka: redio iliyo ndani ya ampuli nayo yala umeme, na swichi ikikata umeme redio hufa pamoja na taa. Ndiyo maana katika nyumba nyingi za namna hii utaona swichi zimebandikwa karatasi yenye maneno «usiguse». Twaona si haki nyumba kumkataza mgeni, mtoto na bibi kuwasha taa.

Hapo tulimwita fundi wa umeme, mtu wa maneno machache, naye alitufungua macho. Akili ya taa, alisema, si lazima ikae katika ampuli. Yaweza kukaa ndani ya ukuta, nyuma ya swichi, katika kifaa kidogo kinachoingia kisandukuni. Ampuli inabaki ya kawaida, ya bei ndogo, inayopatikana katika duka lolote. Swichi inabaki swichi: ukiibonyeza, taa yawaka, intaneti iwepo isiwepo. Mwenye simu aweza kuamuru kwa simu, na mwenye mkono kwa mkono.

Lakini kifaa hicho chataka mambo mawili, na yote mawili hufanywa kabla ya lipu. La kwanza ni waya wa netre. Katika nyumba za zamani, fundi aliteremsha mpaka kwenye swichi waya wa faze peke yake, akaurudisha juu kwenye taa. Waya wa netre, ule wa buluu, ulikwenda moja kwa moja kwenye taa bila kupita swichini. Taa iliwaka vizuri na kila mtu aliridhika. Walakini kifaa chenye akili lazima kiwe macho saa zote kikingoja amri, hata taa ikiwa imezimika. Chahitaji chakula chake chenyewe, na bila netre hakipati. Viko vifaa visivyotaka netre, ambavyo hupitisha umeme kidogo sana katika ampuli yenyewe. Hivyo hukasirisha ampuli za LED: nyingine hupepesa, nyingine hubaki na mwanga hafifu usiku kucha. Basi tulimwambia fundi ateremshe netre katika kila kisanduku cha swichi, hata pale tusipotaka kifaa chochote leo. Gharama yake sasa ni mita chache za waya wa milimita mraba 1.5. Baada ya lipu na rangi, ni kubomoa tena.

La pili ni kina cha kisanduku. Visanduku vya kawaida vina kina cha milimita 40. Ukitia humo swichi, waya nne au tano na kifaa juu yake, mfuniko haufungi, na waya zilizokandamizwa hupata joto. Tumenunua vya milimita 60.

Sasa tuje kwenye jambo lililomaliza ubishi wetu. Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wachukue kalamu wafanye hesabu pamoja nasi. Nyumbani tuna betri moja ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 100, pamoja na konvertisa, yaani kifaa kigeuzacho umeme wa betri kuwa wa volti 220. Zidisha 12 kwa 100: wati-saa 1,200. Lakini betri ya namna hii ikinyonywa kupita nusu mara kwa mara, hufa upesi. Kwa hiyo tuna wati-saa 600 tu, bila kuhesabu zinazopotea katika konvertisa. Taa sita za LED za wati 9, zikiwaka saa tano jioni, hula wati-saa 270. Twakaa vizuri. Na tufurahi kidogo hapa: ampuli ya kale ya wati 60 ilitoa mwanga kama wa hiyo ya wati 9, nasi tungehitaji wati-saa 1,800 kwa kazi ile ile.

Ampuli zenye akili, je? Kila moja, hata ikiwa imezimika, hula kidogo ili isikie amri. Tuseme nusu wati. Kumi na mbili ni wati 6, na kwa saa 24 ni wati-saa 144. Ongeza mashine ya intaneti ambayo lazima iwe macho usiku na mchana: wati 10 hivi, yaani wati-saa 240. Jumla ni 384, na bado hatujawasha taa hata moja! Jumlisha zile 270 za mwanga: 654. Siku umeme wa mji unapokosekana kutwa nzima, nyumba yetu ingeingia gizani kwa sababu ya taa zinazongoja kuamriwa. Mdogo wetu aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Kisha akaigeuza na kuanza kuchora mpango mwingine nyuma yake, na kwa kweli mpango huo ni bora kuliko wetu.

Alitenga njia za umeme. Taa zote zina njia yao wenyewe na disjonta yao. Prizi ndogo mbili, za simu na za intaneti, zina njia nyingine. Njia hizo mbili hupitia konvertisa. Pasi, jiko, friji na pampu vina njia zao, za waya wa milimita mraba 2.5, ambazo kamwe hazigusi betri. Zamani kila kitu kilikuwa kimefungwa pamoja, na umeme ulipokatika mtu mmoja asiyejua aliweza kuchomeka pasi na kumaliza betri kabla ya chakula cha jioni. Sasa haiwezekani hata akitaka. Juu ya hayo yote imewekwa disjonta ya miliampea 30, ile inayohisi umeme unaovuja na kuukata kabla haujaua mtu, pamoja na waya wa udongo wenye rangi ya kijani na manjano. Tukiambiwa tuchague kitu kimoja tu chenye akili katika nyumba, twachagua disjonta hiyo.

Katika Ulaya wenye uwezo huvuta waya mwingine wa amri tu, mara nyingi wa kijani, mpaka kwenye kila swichi. Mtindo huo waitwa KNX, na chama chake kina makao karibu na Brussels. Ni kazi safi, nayo hudumu, lakini yataka fundi mwenye kompyuta na mafunzo ya pekee, na mkoba mzito. Sisi tumeridhika kuacha mabomba matupu ya plastiki ndani ya kuta, kila moja na uzi ndani yake wa kuvutia waya siku za mbele. Bomba tupu halili umeme.

Vifaa vyenye akili tutakavyotia sasa ni vitatu tu. Kimoja cha taa ya sebuleni, ili mdogo wetu asinung'unike. Viwili vya kengele na taa ya nje, ambayo pia ina jicho linaloona jua likituwa. Tumechagua vile vinavyosikilizana ndani ya nyumba yenyewe, si vile ambavyo amri yake hutoka hapa Lubumbashi, ikavuka bahari hadi kompyuta ya kampuni, kisha ikarudi ili kuwasha taa iliyo mita tatu kutoka kwako. Mwezi wa Aprili 2022, kompyuta za Insteon, kampuni ya Marekani iliyouza vifaa hivi kwa miaka mingi, zilizimwa ghafula, na wateja wakaona amri za simu zao hazisikiwi tena. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, makampuni makubwa, kati yao Apple, Google na Amazon, yalitoa lugha moja iitwayo Matter, ili vifaa vya viwanda mbalimbali visikilizane humo humo nyumbani. Mnaponunua, ulizeni kwanza: intaneti ikikatika, kifaa hiki chafanya kazi au la?

Na korido? Hapo hapana simu wala intaneti. Jicho dogo limewekwa ukutani, lile lihisilo joto la mwili unaotembea. Mama akitoka mlangoni, taa mbili za mwanga hafifu wa manjano, karibu na sakafu, zawaka dakika tatu kisha zazimika. Mwanga mkali ungempofusha mtu atokaye usingizini. Jicho hilo nalo lataka netre, na bomba lake limekwisha kuzikwa.

Jana jioni mama alipita katika nyumba yote, mkono mmoja bado umefungwa kitambaa. Fundi alikuwa amechora alama za swichi kwa urefu wa sentimita 110, kama desturi ilivyo. Mama akajaribu kuifikia ile ya kando ya kitanda chake akiwa amelala, hakuweza. «Baba,» akamwambia fundi, «iteremshe mpaka mkono wangu ulipo.» Fundi akapima: sentimita 70. Akafuta alama ya kwanza, akachora nyingine kwa mkaa, na leo asubuhi akarudi na patasi kuchimba kisanduku kipya.

Juma lijalo tutasema habari za tangi la maji, na jinsi ya kuizuia pampu isizunguke pakavu.