Muchungwa wa parsele nao ni mali

Sisi tunaoenda kuchimba dhahabu Misisi, tunaachia bibi na watoto muchungwa huku Uvira, bila kusema neno juu yake. Tukirudi, majani iko manjano, tunasema jirani ameuroga. Hapana. Mulongwe ilipofurika mwezi wa 4, 2020, tope ilifunika mashina katika parsele mingi. Muchungwa haupendi maji yanayosimama: mizizi inaoza, na ganda la shina linaoza chini ya udongo. Basi tukiwa nyumbani tuondoe ile tope mpaka mwanzo wa mizizi uonekane, tupitishe mufereji, na maji ya sabuni yamwagwe mbali. Kuchimba si ndiyo kazi yetu? Dhahabu inaweza kukosekana. Watoto wakose hata chungwa?