Wanganga Watoke Kwetu



Tunauliza neno moja: nani atakubali kuwa munganga wa watu maskini? Jibu tunalipata mbali, Marekani, kwa ndugu zetu weusi.

Mwaka 1910 mzungu mmoja, Abraham Flexner, alikagua shule zote za wanganga kule. Saba zilikuwa za watu weusi. Yeye alisema mbili tu zinafaa kusaidiwa: Howard ya Washington na Meharry ya Nashville. Zile tano zilikufa moja baada ya nyingine, na shule nyingi za wazungu zilikuwa zimemfungia mlango mtoto mweusi. Tena aliandika kwamba munganga mweusi afundishwe hasa mambo ya usafi, maana ugonjwa wa weusi huvuka kwenda kwa wazungu. Wandugu, maneno ya namna hii si mageni masikioni mwetu!

Mwaka 2020 wataalamu walipiga hesabu: kama shule zile zingaliendelea, zingalitoa wanganga zaidi ya 25,000. Leo weusi ni kama 13 katika kila watu 100 wa Marekani, lakini katika wanganga 100 hawafiki hata 10.

Sasa sikieni upande wa pili. Mwaka 1975 koleji ya weusi ya Morehouse, mjini Atlanta, ilifungua shule ya wanganga wa kila ugonjwa, wale wanaompokea mgonjwa kwanza, kwa ajili ya vijiji na mitaa isiyo na munganga. Mwaka 2010 shule 141 zilipimwa: zinatoa wanganga gani, wanakwenda kutumika wapi, wao ni watoto wa nani. Ya kwanza Morehouse, ya pili Meharry, ya tatu Howard. Shule zenye mali na sifa zilibaki nyuma.

Sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960 bila munganga Mukongo hata mmoja aliyemaliza iniversite. Maasistan medikali walijua kazi, walipasua na kuzalisha, lakini jina la munganga na mshahara wake havikuwa vyao. Leo iniversite tunazo. Lakini mtoto wa mchimbaji atalipaje miaka ile yote ya masomo?

Tunataka serikali na makompani wachague watoto wa kampi na wa vijiji, wawalipie, nao watie sahihi kwamba watarudi kutumikia walikotoka. Na wakirudi wakute dawa na nyumba. Munganga asiye na dawa naye atakimbia.