Kuaibisha si Kutahayarisha

Wako wasomi wenzetu wasemao kwamba kitenzi cha Kiingereza embarrass kina tafsiri moja tu katika Kiswahili, nayo ni kuaibisha, na kwamba atafutaye nyingine ajipa kazi bure. Nawapinga. Tafsiri hiyo yaweza kuwa dhuluma, na dhuluma hiyo nimepata kuitenda kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu wilayani Newala, mgeni wa heshima alifika shuleni akahutubu juu ya maendeleo ya maji. Ajuaye nyanda za juu za Makonde ajua kwamba mvua ya huko huzama mchangani, na kwamba tangu zamani wanawake wameteremka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Hotuba ilipokwisha, msichana mmoja alisimama, akauliza kwa adabu kwa nini bomba la kijiji chao lilikuwa kavu. Mgeni alikosa jibu. Mkuu wa shule akaandika barua kwa Kiingereza, akatumia kitenzi hicho, nami nikapewa niifasiri kwa ajili ya mzazi. Nikaandika: "Binti yako amemwaibisha mgeni." Baba yake, mzee wa upande wa Masasi, hakuuliza habari ya bomba. Aliuliza binti yake amefanya uchafu gani. Na muhula mzima ulipita kabla hajakubali arudi darasani.

Kosa lilikuwa wapi? Neno la Kiingereza lilitoka katika Kifaransa, na asili yake ni kuzuia njia. Laeleza hali ya aliyepatwa: amekwama, hajui aseme nini wala atazame wapi. Halisemi nani mkosa. Hata asifiwaye mno mbele ya watu aweza kupatwa na hali hiyo. Lakini aibu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni ila, ni dosari. Asemaye kuaibisha amekwisha kuhukumu. Ndugu wa kweli wa neno lile ni kutahayarisha, maana kutahayari nako asili yake ni kuduwaa na kupotewa na la kufanya. Mgeni yule alitahayari. Ikiwa msichana alitenda zaidi ya hapo, basi alimsuta. Na asutwaye kwa kweli hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Watu wa Masasi na Newala hawangoji kamusi iwafundishe tofauti hii. Mtani huingia msibani akamdhihaki mfiwa mbele ya waombolezaji; humtahayarisha, wala hamwaibishi. Katika jando na unyago manyakanga hufundisha lipi lisemwe, na mbele ya nani. Wayao husema soni, neno lililomo katika Kiswahili pia, nalo ni la Kibantu, kongwe kuliko aibu, haya na fedheha tulizozipokea kutoka Kiarabu. Lugha yenye ghala kama hii haistahili kulishwa chembe moja.

Wapinzani watasema kwamba muktadha hueleza. Muktadha gani? Barua haina uso wala sauti. Mzazi aliyekuwa mbali hakuuona mkutano. Alikuwa na neno langu tu. Wala tusiwasingizie watunga kamusi. Madan alitoa kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, na ile ya Johnson ya mwaka 1939 ilijengwa juu ya kazi ya Madan. Lakini kamusi huweka maneno mezani, na kuchagua ni kazi yetu. Mvivu hushika la kwanza lililo karibu na mkono wake.

Basi, enyi wanafunzi, kabla ya kuandika kuaibisha, ulizeni kwanza: ila ni ya nani? Siku ile ila ilikuwa ya wale walioliacha bomba kavu. Mimi, kwa neno moja, niliiondoa kwao nikamtwika mtoto, ambaye kichwa chake kilikuwa kimekwisha kuzoea ndoo.