Job ya Online: Boss Anawaita "Familia", Lakini Utapanda Cheo Lini?

Ushawahi skia msee wa job ya online akisifu kampuni yake? Atakuambia hakuna jam ya Thika Road, hakuna fare, na mwezi ukiisha doo inaingia. Hizo ni fiti, hakuna ubishi. Sasa muulize: tangu uanze, umepanda cheo mara ngapi? Hapo ndio utaskia kimya.

Kwa ofisi, mkubwa anakuona ukipiga kazi. Ukiwa keja, anaona tu ile umetuma, na mwenye hupiga stori na yeye kila siku ndiye anakumbukwa. Ndio maana wengi wanakwama mahali pamoja miaka, huku wakiitwa "familia" kila mkutano wa video.

Familia gani? Machi 2024, Remotasks ya kampuni ya Marekani, Scale AI, ilifungia Wakenya milango. Taarifa ilikuja kwa imeli tu. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mtu wa mshahara wa mwezi notisi ya siku 28, lakini huyo ni mwajiriwa. Kama wewe ni kontrakta, hiyo notisi si yako.

Kwa hivyo kabla usifu kampuni, soma mkataba. Wewe ni mwajiriwa ama kontrakta? Nani anaamua upande cheo, na anaangalia nini? Nani analipia stima na bando? Ukikosa majibu, weka CV tayari. Kuitwa familia hakulipi rent.