Mjusi Asiye Mjusi

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu kama mifupa ya Tendaguru irudishwe kutoka Berlin. Mikono yote iliinuka. Nikauliza ni ya mnyama gani. "Mjusi," wakajibu. Nikauliza Boheti bin Amrani alikuwa nani. Kimya.

Hapo ndipo ilipo aibu yetu. Mnyama huyo, aliyeishi Lindi takribani miaka milioni 150 iliyopita na ambaye kiunzi chake kina kimo cha zaidi ya mita 13, alikuwa dinosaria. Ukoo huo haujafa wote: ndege ni wazao wake. Kuku anayeparura uani kwako yu karibu naye kinasaba kuliko mjusi wa darini.

Mwaka 1909, miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji, mamia ya wenyeji walianza kuichimba mifupa hiyo, Boheti akiwa msimamizi wao mkuu, wakaibeba vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi. Kufikia 1913, zaidi ya tani 200 zilikwisha kwenda Ujerumani. Jina la kisayansi, Giraffatitan brancai, linamuenzi mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin.

Sipingi madai ya kurejeshwa. Napinga uzalendo wa kudai tusichokijua. Mkoloni aliichukua mifupa kwa nguvu, lakini maana yake aliipata kwa kusoma. Nguvu hiyo imekwisha; kusoma nani anatuzuia? Miamba ya Tendaguru ingali palepale. Vyuo vyetu vinawafundisha wataalamu wangapi wa visukuku?

Mali bila daftari hupotea bila habari.